Mapambano Bila Vurugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila kundi jipya linapoketi kupanga. Mengine tumeyajibu kwa mistari michache. Mengine yamechukua nafasi kubwa kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Hii si subira tu iliyopewa jina zuri?

Hapana. Mwenye subira anaendelea kutii huku akingoja. Anayepambana bila vurugu ameacha kutii, ameacha hadharani, na yuko tayari kulipa gharama yake. Gandhi alikutana na swali hili mapema. Tarehe 11 Septemba 1906, Wahindi wa Transvaal, Afrika Kusini, walikusanyika katika ukumbi mmoja wa Johannesburg, wakaapa kutotii sheria ya kuwasajili kwa alama za vidole. Mwanzoni mapambano yao yaliitwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya upinzani wa kutulia tu. Gandhi hakulipenda, kwa kuwa lilisikika kama kimbilio la wanyonge. Gazeti lake likaitisha shindano la kutafuta jina lingine, na hatimaye likapatikana satyagraha: kuushikilia ukweli usiuachie.

Basi nguvu yake inatoka wapi, kama hatuna silaha?

Inatoka kwa watu wanaomfanyia mtawala kazi. Hakuna mkubwa anayekusanya kodi kwa mkono wake, anayeendesha treni, anayepiga chapa hati za kukamata watu na kufungua milango ya mahabusu peke yake. Yupo karani, yupo askari, mwalimu, fundi wa umeme, mfanyabiashara anayetoa mkopo, kiongozi wa dini anayebariki. Kila mmoja anafanya sehemu yake kwa hofu, kwa mazoea, kwa mshahara au kwa kuamini. Kazi yenu ni kuwafanya wa kutosha kati yao waache, au wafanye kwa kusuasua.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria bango au wimbo, chukueni karatasi. Katikati andikeni jina la mtu mwenye uwezo wa kusema "ndiyo" kwa dai lenu. Jina la mtu, si "serikali" wala "mfumo". Mzungusheni na makundi anayoyategemea: nani anampa fedha, nani anatekeleza amri zake, nani anamsafishia jina. Kisha ulizeni kila kundi lina sababu gani ya kubaki naye. Mkimaliza zoezi hili vizuri, mara nyingi mtagundua mlikuwa mnapanga kuandamana mbele ya ofisi isiyo na uamuzi wowote.

Walimu wa Norway mwaka 1942 ni mfano unaofaa kuusoma kwa makini. Quisling, aliyewekwa na Wajerumani, aliwaamuru wajiunge na chama cha walimu kilichokuwa chini ya utawala wake. Maelfu wakaandika barua zenye maneno yaleyale ya kukataa, kila mmoja akatia saini yake. Takriban 1,000 wakakamatwa, mamia kati yao wakapelekwa Kirkenes, kaskazini ya mbali, kufanya kazi ngumu. Lakini bila walimu hakuna shule. Baada ya miezi kadhaa walirudishwa nyumbani, na mpango ule ukafa.

Si wahenga walisema dawa ya moto ni moto?

Walisema, ila msemo huo unamfaa anayepambana na mwenye nguvu sawa na yake. Mwenye vifaru anatamani sana mrushe mawe, kwa sababu hapo mmeingia kwenye uwanja anaoujua.

Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walilinganisha kampeni 323 za kati ya 1900 na 2006, zile kubwa zilizotaka kuangusha utawala, kumtoa mkoloni au kujitenga. Zisizo za vurugu zilifanikiwa kwa asilimia 53, za silaha asilimia 26. Sababu kubwa ni idadi ya watu: kampeni isiyo na silaha ilivuta kwa wastani watu 200,000, ya silaha 50,000. Bibi wa miaka 70, mtoto wa shule na mlemavu wote wana nafasi katika mgomo wa kununua, msituni hawana. Lakini asilimia 53 maana yake karibu nusu walishindwa, na katika miaka ya baada ya 2010 mafanikio yameshuka kwa pande zote mbili. Asiwadanganye mtu kwamba ukiwa mpole unashinda.

Lazima nimpende adui yangu?

Si lazima. Wako wanaoshika njia hii kama imani, kama Gandhi, Martin Luther King na Abdul Ghaffar Khan wa Wapashtuni, na wako wanaoishika kama mkakati tu. Wote wanaweza kuketi benchi moja. Kinachohitajika ni kukubaliana juu ya mwenendo wa mwili na mdomo wakati wa tendo. Mtu anaweza kuwa na hasira kifuani na bado asiinue mkono.

Tuanzie wapi?

King, katika barua aliyoiandika gerezani Birmingham, Alabama, Marekani, Aprili 1963, alitaja hatua nne: kukusanya ukweli, kufanya mazungumzo, kujitakasa, kisha kuchukua hatua. Wengi huanza na ya nne, wakifika katikati wanarudi kutafuta ya kwanza.

Ukweli: tarehe, nyaraka, viwango, majina ya waliodhulumiwa walioridhia kutajwa. Kosa moja la takwimu litazungumzwa kuliko dhuluma yenyewe. Mazungumzo: ombeni kikao kwa maandishi, hata kama mnajua mtakataliwa, na mtunze nakala. Gandhi alimwandikia Lord Irwin, mtawala wa Waingereza nchini India, tarehe 2 Machi 1930, siku kumi kabla ya kuanza matembezi ya chumvi, akimweleza atakachofanya. Kujitakasa, kwa lugha ya kawaida, ni mazoezi, tutayafikia.

Halafu dai. Dai zuri lina mambo matatu: linaeleweka na mtu aliye nje kwa sentensi moja, yuko mtu anayeweza kulitimiza, na ikifika siku limetimizwa hakuna atakayebisha. "Tunataka haki" halina hata moja kati ya hayo.

Chumvi ilikuwa chaguo la kifundi. Viongozi wenzake Gandhi walishangaa, maana kodi ya chumvi haikuwa jambo zito kama uhuru. Ila kila nyumba ilikula chumvi, tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu. Na sheria iliyokataza watu kujitengenezea chumvi iliweza kuvunjwa na mtu yeyote mwenye sufuria na maji ya bahari. Alitoka Sabarmati tarehe 12 Machi na wenzake 78, wakatembea siku 24, karibu kilomita 385, hadi Dandi, pwani. Mwendo ule wa polepole ndio uliowapa magazeti muda wa kufika. Asubuhi ya 6 Aprili aliokota bonge la chumvi yenye tope. Katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliingia jela.

Mbali na maandamano, kuna nini kingine?

Mtafiti Gene Sharp aliorodhesha mbinu 198 mwaka 1973. Hamhitaji kuzikariri. Zigaweni katika makundi matatu: za kusema (mabango, nyimbo, maandamano, kimya cha pamoja), za kugoma (kutonunua, kutofanya kazi, mgomo baridi, kutolipa), na za kuingilia kati (kukalia mahali, kuanzisha huduma mbadala). Maandamano yako katika kundi la kwanza, lililo hafifu zaidi likibaki peke yake.

Mgawanyo wa pili una faida zaidi siku za hatari: mbinu za kukusanyika na mbinu za kutawanyika. Mwezi Desemba 1970 wafanyakazi wa miji ya pwani ya Poland walitoka viwandani wakaingia barabarani, jengo la chama tawala huko Gdańsk likachomwa moto, na zaidi ya 40 wakauawa kwa risasi. Agosti 1980 walikumbuka. Hawakutoka. Walijifungia ndani ya uwanja wa kujengea meli, wakapiga marufuku pombe, wakaandika madai 21 na kuyatundika langoni. Baada ya siku 17 serikali ilitia saini. Nchini Chile, tarehe 11 Mei 1983, watu walipiga sufuria madirishani mwao usiku kupinga utawala wa kijeshi. Askari hawezi kuzingira jiji zima, na hawezi kumkamata mtu kwa kuwa jikoni kwake.

Tunataka kususia huduma fulani. Tunahitaji nini?

Mnahitaji mbadala. Watu hawashindwi kususia kwa kukosa moyo. Wanashindwa wiki ya tatu, kwa sababu mtoto anaumwa na hospitali iko mbali.

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, uliodumu siku 381 kuanzia 5 Desemba 1955, husimuliwa kama hadithi ya mwanamke mmoja aliyechoka. Rosa Parks alikuwa mwanaharakati wa miaka mingi, na usiku ule alipokamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, Jo Ann Robinson na wanafunzi wawili walikesha kwenye mashine ya chuo wakichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi. Baada ya hapo kazi ikawa ya usafiri. Mwanzoni teksi za weusi zilibeba watu kwa senti 10, nauli ileile ya basi. Mji ukazibana kwa sheria ya nauli ya chini ya senti 45. Ndipo ukaundwa mpango wa magari ya watu binafsi, takriban 300, yenye vituo zaidi ya 40 vya asubuhi na ratiba ya kurudi jioni. Makanisa yalinunua magari makubwa na kuyaandika majina yao ubavuni.

Angalieni jinsi walivyoshambuliwa, kwa sababu ndivyo nanyi mtakavyoshambuliwa: polisi wakawaandikia madereva faini za uongo, bima za magari zikafutwa (wakapata nyingine kupitia Lloyd's ya London), viongozi wakashtakiwa kwa sheria ya 1921 ya kuzuia migomo ya kususia, nyumba ya King ikatupiwa bomu, na Novemba 1956 mahakama ya huko ikauzuia mpango wa magari. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ubaguzi wa mabasi ulikuwa kinyume cha katiba. Kesi ilikuwa ikiendelea sambamba na mgomo. Kususia kuliwafikisha hadi hapo, kesi ikamalizia.

Kwa hesabu ya haraka: idadi ya wanaohitaji huduma kila siku, idadi ya vyombo mlivyo navyo, fedha za mafuta na matengenezo kwa miezi mitatu, na mtu mmoja asiyefanya kazi nyingine ila ratiba. Kama hesabu haitoshi, punguzeni: susieni siku mbili kwa wiki, au bidhaa moja badala ya duka zima. Mgomo mdogo unaotimia huwavuta watu zaidi kuliko mkubwa unaovuja.

Mazoezi yanafanywaje?

Kwa mwili. Semina ya maneno haimwandai mtu kwa mate usoni.

James Lawson aliwafundisha wanafunzi wa Nashville, Marekani, kwa miezi kadhaa kabla hawajaketi kwenye kaunta za chakula za wazungu mnamo 13 Februari 1960. Walipanga viti chumbani. Baadhi wakaketi, wengine wakacheza nafasi ya wahuni: kutukana, kupuliza moshi wa sigara usoni, kusukuma mtu mpaka aanguke. Walijifunza kujikunja wakilinda kichwa, na kumtazama mpigaji machoni. Sheria zao zilitosha karatasi moja: usirudishe pigo wala tusi, keti wima, uso uelekee kaunta, usicheke kwa sauti, usizibe mlango wala njia, usiondoke kitini mpaka kiongozi wako akuruhusu. Tarehe 27 Februari walipigwa, polisi wakakamata waliopigwa badala ya wapigaji, zaidi ya 80. Kila kundi lilipotolewa, lingine liliketi palepale. Tarehe 10 Mei maduka sita yalianza kuwahudumia.

Zoezi rahisi la kuanzia: pangeni safu mbili zinazotazamana, hatua moja kati yao. Upande mmoja ni mlinzi mkali, mwingine ni mwandamanaji. Dakika mbili tu, kwa nguvu zote. Simamisheni. Kila mtu aseme kitu kimoja: mikono yangu ilikuwa wapi? Wengi hugundua walikuwa wamekunja ngumi au wamenyoosha kidole bila kujua. Badilishaneni nafasi, rudieni. Anayeshindwa kujizuia mara tatu asifukuzwe. Apewe kazi ya maji, simu au mapishi. Kumjua mtu huyo mapema ni nusu ya faida ya mazoezi.

Siku yenyewe nani anafanya nini?

Wasimamizi wa msafara, mmoja kwa kila watu 30 hadi 40, wenye kitambaa au fulana inayoonekana kwa mbali. Huduma ya kwanza, wawili wawili. Watu wawili wa kurekodi, wakiwa pande tofauti, wasioimba wala kupiga kelele ili sauti ya video isikike. Msemaji mmoja na wa akiba mmoja. Wengine wakiulizwa na mwandishi wa habari waelekeze kwake. Mtu wa kuzungumza na polisi, awe ndiye huyohuyo tangu mwanzo. Na mtu mmoja asiyekuwepo kabisa: yuko mbali na simu yake, ana orodha ya majina, na ndiye anayepigiwa mambo yakiharibika.

Tembeeni njia nzima siku mbili kabla, kwa saa ileile. Tafuteni mahali ambapo barabara inabana, mahali penye mawe au matofali ya ujenzi, na njia mbili za kutokea. Amueni kabla ya kuanza mtamalizaje. Msafara usio na mwisho uliopangwa humalizwa na polisi, au na vijana wachache waliobaki jioni wakiwa na njaa na hasira.

Wakirusha mabomu ya machozi au wakitupiga?

Ketini chini kama kundi linaanza kukimbia, ili msikanyagane, isipokuwa kama kuna farasi au magari yanakuja. Kwa moshi: nendeni upande upepo unakotokea, mkipanda juu badala ya kushuka bondeni. Osheni macho kwa maji safi mengi, kichwa kikiwa kimeinama upande, maji yatoke pembe ya pua kwenda nje. Msisugue. Msipake mafuta ya kujipaka kabla, kwa sababu yanashika kemikali kwenye ngozi. Wenye lenzi za macho wavae miwani siku hiyo.

Kipigo juu ya watu waliotulia kinaweza kumrudia mpigaji, lakini hakirudi chenyewe. Ni lazima kionekane na watu wanaojali, na ni lazima isiwepo sababu ya kukitetea. Huko Dharasana, India, Mei 1930, safu baada ya safu zilitembea kuelekea virungu bila kuinua mkono. Dunia ilijua kwa sababu mwandishi Webb Miller alikuwepo na akafanikiwa kutuma habari zake.

Kumbukeni pia aliyeshika kirungu ni mtu. Peshawar, iliyokuwa wakati huo chini ya Waingereza wa India, 23 Aprili 1930, baadhi ya askari wa kikosi cha Garhwal waliamriwa kuwapiga risasi waandamanaji wasio na silaha, wakakataa, wakashtakiwa kijeshi. Msimtukane askari mama yake. Mnamhitaji asite kwa sekunde tatu.

Mtu wetu akirusha jiwe? Na kama ni pandikizi aliyetumwa kutuharibia?

Msihangaike kubaini kama ni pandikizi au kijana aliyechemka. Tiba ni moja, na kumsingizia mtu wa kweli kunavunja kundi kuliko pandikizi lenyewe. Wasimamizi watatu wamzunguke wakitazama nje, wamsogeze pembeni, kundi zima liketi. Anayebaki amesimama anaonekana. Mkiweza, anzisheni wimbo wa polepole. Ni vigumu kurusha jiwe katikati ya watu walioketi wakiimba.

Wakiwa wengi kuliko uwezo wenu, fungeni shughuli. Mwezi Februari 1922 umati uliochokozwa huko Chauri Chaura, India, ulichoma kituo cha polisi, na askari 22 wakafa. Gandhi alisimamisha kampeni ya nchi nzima. Wenzake wengi waliona amekosea, na hoja yao haikuwa nyepesi: kijiji kimoja kimezima nchi. Kwa maoni yetu kosa lilikuwa mapema zaidi, kuita mamilioni kwenye tendo kabla ya kuwaandaa.

Kukamatwa je?

Kila mtu aamue kabla ya siku, bila kushinikizwa: niko tayari, siko tayari, au nitaona. Aliye tayari aandike namba ya wakili kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika, abebe kitambulisho na dawa zake zikiwa na jina, aache simu nyumbani. Aache pia jina la atakayewachukua watoto shuleni. Mfuko wa dhamana uwepo kabla, na kamati ihesabu: dhamana ya mtu mmoja mara idadi ya waliojitolea, kisha ongezeni robo.

Kujaza jela ni mbinu, si ajali, na ina mpaka. Albany, Georgia, mwaka 1961 na 1962, mkuu wa polisi Laurie Pritchett aliwasoma wapinzani wake, akapanga nafasi katika jela za wilaya jirani, akawaamuru askari wasipige mtu mbele ya kamera. Waandamanaji waliishiwa na watu wa kukamatwa kabla yeye hajaishiwa na jela. Isitoshe madai yao yalikuwa ya ubaguzi wote mjini kwa mpigo mmoja. Mwaka uliofuata Birmingham wakabana shabaha: maduka ya katikati ya mji, msimu wa Pasaka.

Kuharibu mali ni vurugu?

Wanafalsafa hawajamaliza. Kwa upangaji jibu ni jepesi: kuchoma hati yako mwenyewe kuna maana inayoonekana, kuvunja dirisha la muuza duka kunakupotezea muuza duka. Amueni kabla, mtangaze, msibadilishe katikati.

Mgomo wa kula?

Uwe wa mwisho kabisa, wa hiari ya mtu mzima mwenye afya, na daktari awepo tangu siku ya kwanza. Bobby Sands, mfungwa wa IRA huko Ireland ya Kaskazini, alikufa siku ya 66 mwaka 1981, na wenzake tisa wakamfuata. Hatari haiishi mtu anapokubali kula: mwili uliofunga kwa muda mrefu ukipewa mlo kamili ghafla, moyo unaweza kusimama. Hurudishwa kidogo kidogo, kwa vipimo vya daktari.

Tukishinda?

Rudini darasani tena. Montgomery, wiki zile za kungoja amri ya mahakama ifike, walipanga viti mbele ya madhabahu kama viti vya basi, dereva mbele, wakafanya mazoezi ya kupanda. Wakagawa karatasi ya maelekezo: usijigambe, usimfuate mzungu kiti chake kwa makusudi kama nafasi nyingine ipo, ukiketi karibu na mtu, awe mweusi au mweupe, omba radhi kwanza, ukitukanwa usirudishe. Tarehe 21 Desemba 1956 walipanda. Siku chache baadaye mabasi yalianza kupigwa risasi, na waliokuwa ndani walikuwa wameshafanya mazoezi ya kutorudisha pigo.